Sato si Neno la Kijapani

Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya hapa Mwanza: eti jina la samaki wetu sato, yaani tilapia, limeletwa na watafiti wa Kijapani, na ushahidi ni kwamba Japani watu wengi wanaitwa Sato. Watu wazima, tena wasomi, wanaisambaza. Imeniudhi kweli.

Sato kweli ni jina la ukoo lililoenea kuliko yote Japani. Lakini huandikwa kwa alama mbili, ya pili ikiwa ya fuji, mmea wa maua unaotambaa, na linahusishwa na ukoo wa kale wa Fujiwara. Samaki hayumo kabisa. Wafini nao wana sato, kwao ni mavuno. Puerto Rico sato ni mbwa koko. Thailand ni pombe ya mchele. Kama kufanana tu kunatosha, basi hawa wote wana haki ya kumdai samaki wetu.

Maneno mafupi lazima yagongane. Wambabaram wa Australia mbwa walimwita "dog", vilevile kama Waingereza, na hakuna aliyemwazima mwenzake. Kila neno lina njia yake liliyopita.

Kinachonichoma zaidi ni wepesi wetu wa kugawa kilicho chetu. Muulize mtu yeyote neno tilapia limetoka wapi, atakwambia ni la Kizungu. Jina hilo alilitunga Andrew Smith, daktari wa Kiskoti aliyechunguza wanyama kusini mwa Afrika, mwaka 1840, akilitoa kwenye tlhapi, yaani samaki kwa Kitswana. Kitswana ni Kibantu, ndugu wa Kisukuma na Kikerewe! Neno linalosomwa kwenye menyu za London na Chicago limetoka vinywani mwa Waafrika, halafu sisi huku tunahangaika kumtafutia sato baba wa mbali.

Haya, nakubali shingo upande: sato huyu anayejaa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, yule ambaye akina mama wanampara magamba na kumchanja ubavuni ili chumvi ipenye, ni mgeni katika Ziwa Victoria. Aliingizwa miaka ya 1950, enzi za Mwingereza. Lakini samaki kuwa mgeni hakulifanyi jina lake kuwa geni. Wajaluo tilapia wanamwita ngege, na hakuna anayewatafutia ngege ng'ambo.

Anayetaka kujua asili ya sato apande kivuko aende Ukerewe, akae na wazee waliovua tangu ujana wao. Asiishie kwa sato. Aulize na majina ya samaki wengine: ningu, gogogo, hongwe, kamongo, nembe. Ningu amepungua mno, na vijana wengi wa mjini hawamjui hata kwa sura, kwa hiyo aanze na huyo. Arekodi. Na jibu la Msukuma likitofautiana na la Mkerewe, aandike yote mawili, kila moja na kijiji chake.