Dakika kumi za rubani chini ya ndege

Abiria wa Kigoma na Tabora wanaijua hali hii. Mizigo imeshapakiwa, jua la saa saba linachoma, na rubani aliyevaa riflekta bado anaizunguka ndege. Anakagua tairi, anainama chini ya injini, anasimama nyuma kuutazama mkia. Kwenye foleni mtu ananung'unika: fundi si alishasaini Dar es Salaam? Huyu anatafuta nini tena?

Swali hilo si la kipuuzi. Wapo hata wajuzi wa ndege wanaosema usalama unaamuliwa karakana, na kwamba mzunguko wa rubani umebaki kuwa desturi tu. Ushahidi wanao. Mwaka 1990 kioo cha mbele cha BAC One-Eleven ya British Airways kiling'oka ndege ikiwa futi 17,300, na kapteni akavutwa nje nusu mwili. Bolti 84 kati ya 90 zilizokishika kioo hicho zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, tofauti isiyofika milimita moja. Rubani angezunguka mara saba asingeijua. Mwaka uliofuata, huko Texas, ndege ya Continental Express ilivunjika angani na watu 14 wakafa. Zamu moja ya mafundi ilikuwa imefungua skrubu 47 za ukingo wa mkia, na zamu iliyopokea kazi haikuelezwa. Mkia wenyewe uko juu, na skrubu zinafungwa upande wake wa juu. Aliye ardhini haoni kitu. Kwa hiyo wanataka fedha na muda viende kwenye daftari la kukabidhiana zamu na fundi wa pili wa kuhakiki kazi ya wa kwanza. Hapo hakuna wa kuwabishia.

Wanateleza wanapodhani kosa la karakana hubaki karakana. Makosa mengine hutoka na ndege hadi nje, yakakaa mahali pa wazi yakisubiri mtu wa kuyaona.

Pembeni mwa bodi ya ndege kuna vitundu vidogo vinavyopokea mgandamizo wa hewa ya nje. Altimeta inavitegemea kujua urefu, na kipimo cha mwendo kinavitegemea pia, kwa kulinganisha hewa yake na ile inayoingia kwenye mirija ya pito, mirija midogo inayotazama mbele ya ndege. Kabla ya ndege kuoshwa, vitundu huzibwa maji yasiingie. Boeing 757 ya Aeroperú iliyooshwa Lima ilizibwa kwa utepe wa gundi wa rangi ya fedha, rangi ileile ya bati, na kazi ilipokwisha haukubanduliwa. Msimamizi hakuuona. Kapteni alizunguka usiku, naye hakuuona. Iliruka Oktoba 2, 1996, saa sita na dakika 42 usiku. Nusu saa haikuisha, ikawa imepiga maji ya Pasifiki, na watu wote 70 wakafa.

Katika dakika zile marubani walimwuliza mwongozaji wa ndege wako urefu gani. Akawasomea futi 9,700. Wakapata faraja: vipimo vyetu vimeharibika, lakini rada ya ardhini inatuona. Kumbe rada haikuwa imepima urefu wowote. Ilikuwa inasoma namba iliyotumwa na transponda, kifaa cha ndege kinachotuma taarifa zake ardhini, na transponda iliichukua kwenye vitundu vilevile vilivyozibwa. Ni kama kumwuliza mtu saa, naye akachungulia saa iliyo mkononi mwako. King'ora cha mwendo kupita kiasi na onyo la kuishiwa mwendo vililia kwa pamoja, na nje kulikuwa giza tupu, kama Ziwa Tanganyika kabla wavuvi wa dagaa hawajawasha karabai. Ndege ilipogusa bahari, altimeta bado ilionyesha karibu futi 9,700.

Wapinzani huigeuza ajali hii iwe hoja yao: si kapteni alizunguka? Alizunguka, ndiyo. Lakini jicho linalotafuta bati lililobonyea halitafuti utepe. Tochi ya kumulika moja kwa moja hufanya utepe wa fedha ung'ae sawa na bati. Ukiulaza mwanga ubavuni, ukingo wa utepe hutoa kivuli. Kwenye ndege ndogo, ambako vitundu vinafikika, kidole ni bora kuliko tochi. Na utepe wenyewe uwe mwekundu, wenye mkia unaopepea.

Heathrow, London, Mei 2013, Airbus A319 iliruka na milango ya injini zote mbili haijafungwa komeo. Mafundi walipanga kurudi kumalizia, wakaenda kwenye ndege isiyo yenyewe. Komeo ziko chini kabisa ya injini, asiyechuchumaa hazioni. Milango iling'oka, injini moja ikawaka moto, lakini ndege ikatua salama. Hilo ni kosa la karakana ambalo magoti ya rubani yangelimaliza.

Sasa rudi Tabora. Rubani akiona tairi iliyochanika, hana karakana kubwa ya kukimbilia. Fundi na kipuri huenda vikatoka Dar. Abiria wana miadi hospitalini, wana misiba, na barabara ya Kigoma hadi Dar inazidi kilomita 1,200. Kishawishi cha kutokuona kitu ni kikubwa kuliko Dar kwenyewe, na ndiyo sababu zile dakika kumi zisiguswe hata ratiba ikibanwa vipi.

Halafu kuna nyigu. Anayeishi Tabora amekwangua vijumba vyao vya udongo kwenye fremu za madirisha. Februari 1996, Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, Boeing 757 ya Birgenair ilikuwa imekaa siku 20 hivi bila vifuniko kwenye mirija ya pito. Wachunguzi waliona inaelekea zaidi kwamba nyigu walijenga ndani ya mrija mmoja. Watu 189 walikufa. Basi tufunike? Tufunike. Ila Brisbane, Australia, nako kuna nyigu, na Julai 2018 Airbus A330 ya Malaysia Airlines ilifunikwa mirija yake mitatu kwa sababu hiyohiyo, ikaruka nayo hivyohivyo bila kipimo cha mwendo cha kuaminika. Ilitua salama. Fundi aliyevivika vifuniko hakuvivua, na aliyezunguka hakuinua macho hadi pale vilipokuwa vinaning'inia.