Fundi cherehani aliuona mgongo kabla ya daktari

Binti wa dada yangu alikuwa na miaka 13 aliposhonewa gauni la harusi ya mjomba wake, kule kwetu Korogwe. Nilikuwa likizo, nikamsindikiza kwa fundi siku ya kujaribu. Upindo ulikaa upande, na mbele ya kioo bega la kulia likaonekana limepanda. Fundi hakusema neno. Alishusha upindo wa upande mmoja kiasi cha vidole viwili, akashonea kipande cha sponji kwenye bega la kushoto, gauni likakaa. Sote tulimsifu. Picha za harusi ile ninazo mpaka leo, na kila nikizitazama ninaiona ile sponji.

Mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda kwa ubavu, hali ambayo madaktari wanaiita skoliosisi. Alipokuja kupigwa eksirei alikuwa na miaka 16 na pinda lilikuwa limefika nyuzi 56. Katika miaka hiyo mitatu alichuliwa kwa mafuta ya nazi, akakatazwa kubeba ndoo, akagombezwa akae wima darasani, na zahanati moja ikampa dawa za maumivu na kumwambia atanyooka akikua. Kukua ndiko kulikompinda. Pinda la namna hii hukimbia pamoja na urefu, na kwa wasichana mbio kali huwa ni kabla tu ya kuvunja ungo na muda mfupi baada yake.

Mwanangu wa kwanza anasoma Göteborg, Uswidi, ninakoishi. Alipokuwa na miaka 12 muuguzi wa shule alimwita, akamwambia avue fulana, asimame miguu pamoja, aunganishe viganja na ainame kama anayetaka kupiga mbizi. Mbavu za upande mmoja zikanyanyuka. Muuguzi akamwekea mgongoni kidude cha plastiki chenye kigololi ndani ya mrija uliopinda, ndugu kabisa wa pimamaji ya fundi mwashi. Kilisoma nyuzi 8 za mwinamo wa mbavu, si za pinda lenyewe. Dakika mbili hazikutimia. Barua ikaja nyumbani, eksirei ikaonyesha nyuzi 29.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la familia watu waliandika, "Huko mna mashine." Hilo linaniuma, kwa sababu mashine haikuwepo. Kipimo cha kuinama kilielezwa na daktari mpasuaji wa London, William Adams, mwaka 1865, miaka 30 kabla eksirei haijavumbuliwa. Kinataka macho, mwanga na mtu anayejua anachokitafuta.

Na kwa upande wa macho nyumbani tumewapita mbali. Mimi mgongo wa mwanangu nilikuwa sijauona kwa miaka miwili. Huku mtoto wa miaka kumi anaoga mlango umefungwa, na mzazi anayegonga anaonekana hana adabu. Korogwe binamu zake wanalala chumba kimoja, wanabadilishana nguo, bibi bado anawasugua mgongo kwa dodoki. Wa kuona ni wengi. Ila bibi aliona, fundi aliona, mimi mama yake mdogo niliona, na hakuna aliyejua kwamba alichokiona kina jina, kina vipimo na kina muda wake. Pinda la chini ya nyuzi 10 halihesabiwi kuwa ugonjwa. Kati ya 25 na 40, mtoto akiwa bado anakua, anavishwa kizibao kigumu cha kuzuia pinda lisizidi. Likivuka 45 au 50, mazungumzo yanakuwa ya upasuaji. Binti wa dada yangu alipita dirisha la kizibao akiwa amevaa sponji.

Kizibao nacho si starehe. Mwanangu anavaa cha plastiki kuanzia kwapani hadi nyongani, saa 20 kwa siku. Wiki za mwanzo alikuwa ananiita chumbani, "Mama, nifungie," naye anaushikilia ukuta kwa mikono miwili huku navuta mikanda mitatu mpaka kwenye alama nyeusi aliyoichora mtaalamu kwa kalamu. Ukiifunga chini ya alama umefanya kazi bure. Usiku wa pili alilia nikataka kukivua. Kilichonizuia ni utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013: kati ya waliovaa, asilimia 72 walimaliza kukua bila kufikia nyuzi 50, na kati ya waliosubiri tu ni asilimia 48. Waliokivaa saa 13 na zaidi kwa siku ndio waliofanikiwa zaidi. Najua pia kwamba joto la Tanga si la Göteborg, na anayemwambia mtoto wa Korogwe avae plastiki mwezi wa Februari ajue anachomwomba.

Ufundi wenyewe tunao. Pale hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kutegemeza mwili tangu mwaka 1981, na wanafunzi hutoka nchi nyingi za Afrika. MOI, taasisi ya mifupa iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam, wanafanya upasuaji wa kunyoosha vibiongo. Kinachokatika ni njia kati ya mtoto na watu hao.

Wapo wanaopinga kukagua migongo shuleni, na hoja zao si za kupuuzwa. Uingereza haina mpango huo kitaifa, na jopo la wataalamu wa Marekani lilisema mwaka 2018 kwamba ushahidi hautoshi kuamua. Wanaogopa wazazi kutishika na watoto kupigwa eksirei bila sababu. Lakini mtoto wa huko ana daktari wake anayemwona mara kwa mara. Wa kwetu anaweza kufika darasa la saba bila mtaalamu yeyote kumtazama mgongo. Tena kwetu kuna balaa jingine: kifua kikuu cha uti wa mgongo, kinachokula pingili na kuacha nundu kali katikati, siyo ubavuni. Mtoto akiinama nundu hiyo inaonekana wazi, na huyo hasubiri likizo, anapelekwa hospitali wiki hiyo hiyo, kabla miguu haijalegea. Dawa za kifua kikuu Tanzania ni bure.

Mwaka 2024 serikali iliwapanga wasichana wa miaka 9 hadi 14 foleni shuleni kwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Huo ndio umri wenyewe. Muuguzi yupo, binti yupo, daftari lipo mezani. Ninachoomba ni pazia la khanga kwenye kona ya darasa na neno moja: inama.

Desemba iliyopita tulikwenda nyumbani. Binti wa dada yangu, sasa ana miaka 18 na anasubiri tarehe ya upasuaji, alikichukua kizibao cha mdogo wake kitandani, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akauliza kinavaliwa mpaka lini. Nikamwambia mpaka mifupa iache kukua. Akajivika juu ya gauni, akavuta mikanda kwa nguvu zake zote. Haikufika hata kwenye kishikizo cha kwanza.