Mbunifu anayejitolea na swali la "msimbo uko wapi?"

Mbunifu wa kiolesura, yaani anayepanga sura ya programu na jinsi inavyotumika, akijitolea kusaidia mradi wa programu huria, ile ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi kwa wote, hupigwa mawe pande mbili. Wabunifu wenzake humwambia anashusha bei ya fani kwa kufanya kazi bure. Watunzaji wa mradi, wanaoamua badiliko gani liingie, humuuliza: msimbo uko wapi?

Watunzaji wana hoja. GIMP ni programu huria ya kuhariri picha. Toleo lake la 2.8, lililotoka mwaka 2012, lilitenganisha kuhifadhi na kuhamisha picha kwenda aina nyingine ya faili: kuhifadhi kukabaki kwa faili za GIMP yenyewe, na anayetaka JPEG akatafute amri nyingine. Kimantiki ni sawa, maana JPEG haibebi tabaka za picha. Lakini aliyezoea kufungua JPEG, kuipunguza ukubwa na kuhifadhi alijikuta amezuiwa mlangoni, na wengi walilalamika. Sasa fikiria badiliko kama hilo limeletwa na mtu aliyechora, akashukuriwa, akaenda zake. Nani atajibu?

Hata hivyo, toleo hilohilo ndilo lililowezesha kuweka vidirisha vyote vya GIMP katika dirisha moja, miaka 16 tangu programu hiyo ionekane kwa umma. Kwa nini ichukue muda wote huo? Husemwa kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ila aliyekilalia miaka kumi naye hawasikii tena, na waandishi wa msimbo wengi wako hapo.

Ndiyo maana nairudia kila mara hesabu ya mwaka 1993 ya Jakob Nielsen na Thomas Landauer, watafiti wa urahisi wa kutumia programu. Kwa wastani, mjaribuji mmoja, yaani mtumiaji anayetazamwa akiitumia programu, hufichua asilimia 31 ya matatizo ya matumizi. Watano hufikia kama 85. Imepingwa, na kwa haki, kwa sababu programu hazifanani. Basi tuikate: tuseme mmoja hufichua asilimia 15 tu. Watano bado wanavuka nusu. Watu watano, alasiri moja, bila mstari hata mmoja wa msimbo! Kazi ngumu hapo ni kunyamaza. Mjaribuji anapozungusha kipanya akitafuta kitufe, aliyekiandika kitufe hicho hujikuta amesema "bonyeza pale juu", na jaribio limeharibika. Mbunifu huuma ulimi, akaandika sekunde ngapi zimepita.

Ile hoja ya kushusha bei kwa kufanya kazi bure hainishawishi sana. Msimbo nao hutolewa bure, na hatusikii kwamba umeua fani ya waandishi wake. Tofauti ni kumbukumbu. Mwandishi wa msimbo jina lake hubaki kwenye historia ya mradi, hata mwajiri akaliona. Wiki mbili za mbunifu huishia kuwa mistari mitatu ya msimbo iliyofutwa, na badiliko hilo husajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Na dawa ipo: tangu 2018 GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya msimbo, huonyesha waandishi-wenza waliotajwa katika ujumbe unaoambatana na kila badiliko. Ni mstari mmoja tu, na anayeuandika ni yuleyule aliyeuliza msimbo uko wapi.