Kigango si pambo la mapokezi

Juzi nilikuwa kwenye hoteli moja huku kwetu Pwani namsubiri mtu, kuinua macho naona kigango, ule mti wa kuchongwa wa kumkumbuka mzee aliyekufa, kimesimamishwa pembeni ya mapokezi, kimeshikiliwa na chuma kwa nyuma, taa inakimulika kutoka juu na watu wawili wanapiga selfi nacho. Nilisogea. Kule chini, kama shubiri mbili hivi, mti umekuwa mweusi na umelikalika na mchwa, manake hapo ndipo kilipofukiwa, yaani hiki hakikuchongewa watalii, hiki kiling'olewa. Nikatoka kusubiria nje.

Wajuzi wa sanaa watakwambia angalia zile pembetatu zilivyochongwa kwa mpangilio, angalia ua la duara, angalia kichwa kilivyo bapa. Ni kizuri kweli, sikatai. Lakini kwani kilichongwa ili kiangaliwe? Mzee wa Gohu, kile chama cha siri cha wazee wenye heshima, akifa, Wagiriama wanamchongea kigango ili roho yake ipate pa kukaa, kinafukiwa pale pale bomani, kinafungwa vitambaa, kinamwagiwa tembo, watu wanaongea naye. Na boma likihama chenyewe hakihami, kinabaki na mvua na mchwa mpaka kiishe, na kuisha huko ndiyo kazi yenyewe inavyotakiwa iende. Ukishakitoa kwenye ule udongo unachokitazama ni mti uliochongwa tu.

Msanii Robert Smithson wa Marekani mwaka 1970 alipanga mawe yakajizungusha ndani ya ziwa la chumvi kule Utah, karibu mita 460, akayaita Spiral Jetty. Maji yakapanda yakafunika kila kitu kwa karibu miaka 30 na hakuna aliyesema tuyachote yale mawe tuyapange ukumbini ndiyo watu wayaone vizuri, kila mtu anaelewa kwamba pale mahali ndiyo sanaa yenyewe. Sasa mbona la Mzungu linaeleweka halafu la babu zetu linafungwa chuma mgongoni?

Mwaka 1985 mtafiti alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango viwili vya ndugu zake, haukupita muda vikaibiwa. Vyote viwili vilikuja kuonekana kwenye makumbusho za Marekani, na kimoja kikarudishwa kwa familia 2007. Makumbusho ya jimbo la Illinois nayo ikarudisha 37 mwaka 2023. Ni kweli huko havikuliwa na mchwa, na ni kweli pia waliokuwa wanaving'oa usiku ni vijana wetu wenyewe kwa sababu ya njaa, hilo siwezi kulificha.

Yule kijana wa mapokezi nilimuuliza kimetoka wapi, akasema amekikuta alipoajiriwa. Nimewaandikia wenye hoteli kwamba niko tayari kuja na mzee mmoja ninayemfahamu, akae nacho, akiangalie, aulizie bara huko kama kuna familia inayokitafuta. Bado sijajibiwa.