Baada ya Kuingia, Nipeleke Nilikokuwa Nikienda

Ukitaka kujua kama mifumo miwili ya tovuti imeunganishwa kweli au imebandikwa tu, usiangalie nembo wala rangi. Toka kabisa kwenye akaunti yako, fungua kiungo cha ukurasa wa ndani, ingiza nenosiri, kisha uone umetua wapi. Ukitua kwenye ukurasa uleule ulioubofya, aliyeijenga alikuwa anakufikiria. Ukitua kwenye ukurasa wa mwanzo, mbele ya picha ya watu wanaochekelea kompyuta, basi umebandikiwa.

Nairobi hii kazi za namna hiyo zimejaa. Chukua SACCO ya kawaida. Tovuti yake ilijengwa zamani kwa WordPress. Baadaye kamati ikataka wanachama wawe na mahali pao pa kujadiliana na kusoma kumbukumbu za mikutano, fundi akaleta programu iliyo tayari, phpBB au Discourse, akaiweka kwenye kikoa tanzu, yaani tawi la anwani ya tovuti lenye jina lilelile. Mhazini anatuma kiungo cha notisi ya mkutano mkuu wa mwaka kwenye kundi la WhatsApp. Mwanachama yuko ndani ya matatu ya Githurai, anabofya. Anaombwa nambari ya uanachama na nenosiri. Anangoja tarakimu za SMS, zinafika matatu ikiwa Pangani na mtandao unayumba, anazijaza. Tovuti inamjibu: Karibu! Notisi haionekani popote. Anarudi WhatsApp, anabofya tena, na sasa mfumo wa pili unamtaka aingie upya, maana haujui kwamba wa kwanza umeshamtambua. Hapo anapiga simu: "Mhazini, hiyo linki yako haifunguki."

Kinachofuata ndicho kinachonikera zaidi. Mhazini ni mtu wa watu, hataki lawama. Anapakua notisi pamoja na jedwali la mikopo, anazirusha kwenye kundi kama PDF. Majina, nambari za vitambulisho, nani anadaiwa nini, vyote viko kwenye simu za watu mia kadhaa pamoja na watoto wao wanaozichezea. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na mfumo wenye nenosiri ulilipiwa ili habari hizo zisizagae. Zimezagaa kwa sababu ya mistari michache ya msimbo ambayo fundi hakuona haja ya kuiandika.

Ukimuuliza atakwambia, "Lakini boss, login inafanya kazi." Ni kweli inafanya kazi. Hata askari wa jengo kule Upper Hill anafanya kazi: anachukua kitambulisho chako, anaandika jina lako kitabuni, anakupa kibandiko cha mgeni. Sasa fikiria amalize hayo yote kisha akupeleke kwenye maegesho ya magari na kukuacha hapo, ilhali ulimwambia unakwenda ghorofa ya nne. Kutambuliwa si safari, ni kituo cha ukaguzi njiani, na msimamo wangu ni kwamba mfumo usiokumbuka mtu alikuwa anakwenda wapi haujamaliza kazi ya kumwingiza.

Kukumbuka kwenyewe hakuji bure. Itifaki ya HTTP, kanuni za mazungumzo kati ya kivinjari na tovuti, haina kumbukumbu: kila ombi linaloifikia seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, ni geni, na ndiyo sababu Lou Montulli wa Netscape alibuni kuki, rekodi ndogo inayowekwa kwenye kivinjari, mwaka 1994, ili seva iweze kumjua mtu iliyemwona dakika moja iliyopita. Lakini kuki ya kuingia husema wewe ni nani tu. Haisemi ulikuwa unakwenda wapi. Hilo lazima libebwe kando, kwa kawaida kama kigezo, yaani kipande cha jina na thamani kinachoongezwa mwishoni mwa anwani ya ukurasa wa kuingilia. Django, zana ya kujengea tovuti, hukiita next, WordPress hukiita redirect_to, na phpBB huwa na uga uliofichwa kwenye fomu yake uitwao redirect. Kila programu ina lake, na hapo ndipo mafundi wengi huangukia: ukurasa wa kuingilia ni wa WordPress, anayeomba ni phpBB, mmoja anasema redirect na mwenzake anasikiliza redirect_to. Ujumbe unapita hewani.

Hata wakielewana majina, mzigo unaweza kumwagika njiani. Anwani ya ukurasa wa majadiliano mara nyingi ina alama ya & katikati yake. Ukiibandika ilivyo ndani ya anwani nyingine, kila kilicho baada ya ile & huhesabiwa kuwa kigezo kingine, na mtu hurudishwa kwenye nusu ya anwani yake. Lazima igeuzwe kwanza kuwa %26. Na kuna ile alama ya reli, #, inayokupeleka moja kwa moja kwenye jibu fulani katika mjadala mrefu. Sehemu hiyo haitumwi kwa seva kamwe, hubaki kwenye kivinjari. Kwa hiyo fundi anayetegemea seva peke yake atamrudisha mtu juu kabisa ya ukurasa, atafute mwenyewe jibu alilokuwa anaitiwa.

Wapo wanaosema hakuna haja ya kigezo, soma tu kichwa cha Referer, maelezo ambayo kivinjari huambatisha kwenye ombi, uone mtu ametoka wapi. Ilikuwa njia ya mkato nzuri zamani. Tangu mwaka 2020 Chrome, kama haikuambiwa vinginevyo, hutuma jina la tovuti tu bila njia ya ukurasa pale unapovuka kutoka asili moja (anwani kuu ya tovuti) kwenda nyingine, na vikoa tanzu viwili huhesabiwa kuwa asili mbili. Utajua mtu ametoka kwenye majadiliano. Mjadala upi, hutajua.

Kuna jingine la WordPress ambalo naliona mara kwa mara kwenye kazi za watu. Mwanachama anaingia, na badala ya kwenda kwenye majadiliano anajikuta wp-admin, ndani ya ukurasa wa wasifu wenye menyu za Kiingereza asizozielewa. Sababu ni kwamba amri iitwayo wp_safe_redirect haimpeleki mtu kwenye kikoa isichokijua. Ikikutana na kikoa kigeni, hurudi kwenye eneo la wasimamizi. Dawa yake ni ndogo, unaongeza kikoa tanzu chako kwenye orodha ya allowed_redirect_hosts. Lakini fundi mwenye haraka anaondoa neno safe, anatumia wp_redirect, mambo yanakwenda, mteja anafurahi.

Hapo amefungua mlango wa wezi. Mfumo unaokubali kumpeleka mtu popote baada ya kuingia ni zawadi kwa matapeli, na Kenya hatuna uhaba wao. Tapeli anakutumia SMS yenye kiungo cha SACCO yako halisi, kikoa ni chenyewe, kufuli lipo. Ila mwisho wa anwani kuna kigezo kinachotaja tovuti yake. Unaingia mahali halali kabisa, kisha unarushwa kwenye ukurasa unaofanana na ule uliotoka, umeandikwa "Nenosiri si sahihi, jaribu tena." Nani hapa mjini hajawahi kukosea nenosiri? Unaliandika tena, safari hii unamwandikia yeye. Shirika la OWASP, la usalama wa tovuti, liliweka udhaifu huu katika nafasi ya kumi kwenye orodha yake ya hatari za tovuti ya mwaka 2013, halafu ukatoka kwenye orodha ya 2017. Kutoka kwenye orodha kusikudanganye.

Na kujilinda si kuangalia tu kama anwani inaanza na mkwaju (/), dalili ya ukurasa wa ndani. Ikianza na mikwaju miwili, kivinjari husoma kinachofuata kama jina la tovuti nyingine. Mkwaju mmoja ukifuatwa na mkwaju wa kinyume (\), vivinjari huichukulia vivyo hivyo. Afadhali uchambue anwani kwa zana ya lugha unayotumia, ulinganishe kikoa na orodha yako, na kikikosekana umpeleke mtu ukurasa wa mwanzo. Hapo tu ndipo ukurasa wa mwanzo una haki ya kumpokea. Bora zaidi, usiibebe anwani hadharani: ihifadhi kwenye seva, ubebe namba isiyokisika. Discourse ina utaratibu wake wa kumkabidhi mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine, wenye namba ya matumizi ya mara moja na saini ya kidijitali ya HMAC-SHA256, na inakumbuka yenyewe mtu alikuwa anaelekea wapi. Kama kamati yako bado inachagua programu, hicho ni kipimo kizuri kuliko uzuri wa vibonzo vyake.

Kuhusu kuki zenyewe nitapita haraka. Kama tovuti zako zote ziko chini ya jina moja la .co.ke, kuki inaweza kutolewa kwa jina hilo zima ili vikoa tanzu vyote viione. Usijaribu kuitoa kwa co.ke yenyewe, vivinjari vitaikataa, vinginevyo kila kampuni nchini ingesoma kuki za jirani yake. Ukiwa na tovuti moja .co.ke na nyingine .com, sahau kuki ya pamoja, itabidi makabidhiano yenye saini. Kuna pia SameSite, mpangilio unaoamua kama kuki itumwe mtu anapotoka tovuti nyingine: ukiiweka Strict, kali kabisa, mwanachama anayebofya kiungo kutoka barua pepe iliyofunguliwa kwenye kivinjari ataonekana hajaingia hata kama ameingia. Lax, iliyo legevu kidogo, inatosha kwa kazi hii.

Kosa moja zaidi la kiufundi, kwa sababu linatesa watu bila kujionyesha. Seva ikimwelekeza mtu ukurasa mwingine hutuma namba ya msimbo. Msimbo wa 301 maana yake ni "tumehama kabisa", na kivinjari huruhusiwa kuliweka jibu hilo akilini. Fundi akitumia 301 kumpeleka asiyeingia kwenye ukurasa wa kuingilia, kivinjari kitakumbuka. Mtu anaingia salama, anafungua notisi, na kivinjari, bila hata kuiuliza seva, kinamrudisha tena kuingia. Kwenye simu ya fundi kila kitu ni sawa kwa sababu ameshafuta kumbukumbu za kivinjari. Tumia 302 kwenda. Kurudi baada ya fomu ya nenosiri, tumia 303. Usitumie 307, kwa kuwa hiyo hutuma fomu ileile upya kwenye ukurasa unaofuata, nenosiri likiwa ndani.

Wenye biashara nao wana hoja yao, na siipuuzi. Meneja anataka kila anayeingia aone kwanza mkopo mpya wa maendeleo. Sawa, uonyeshe, lakini uuweke juu ya ukurasa ambao mtu alikuwa anaufuata. Mtu aliyezuiwa njiani hasomi tangazo, anatafuta njia ya kulipita. Kuna michepuko ya haki: nenosiri limepitwa na wakati, masharti mapya yanahitaji kukubaliwa. Hata hiyo ibebe mwisho wa safari hadi umalizike. Na aliyeandika mwenyewe anwani ya kuingilia, hakuwa na mahali maalumu, huyo mpe dashibodi yake na tangazo lako kubwa.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni mtu aliyekuwa anaandika. Mwanachama ametunga hoja ndefu kuhusu gawio, kwa kidole kimoja, kwenye simu, umeme ukikatika na kurudi. Anabonyeza tuma, kumbe kikao chake, yaani muda wa kutambuliwa na mfumo, kimeisha, anaombwa kuingia. Mfumo unamrudisha ukurasa sahihi kabisa, na kisanduku ni kitupu. Kurudisha anwani hakutoshi hapo, kwa sababu maandishi yalikuwa ndani ya ombi la POST, lile linalobeba fomu, lililotupwa. Yahifadhiwe kwenye hifadhi ya kivinjari anapoandika, yajazwe anaporudi. Mtu aliyepoteza maandishi yake namna hiyo haandiki tena, na kamati itakuja kulalamika kwamba wanachama hawashiriki.

Fundi anapokuja kukabidhi kazi, usimpokee kwa kompyuta yake. Tuma kiungo kwa SMS, kwa WhatsApp, na kwenye ukurasa wa Facebook, maana kivinjari kilicho ndani ya programu ya Facebook hakizioni kuki za Chrome na huko kila mtu ni mgeni. Jaribu kiungo chenye & na chenye #. Jaribu kubofya "Ingia" ukiwa kwenye ukurasa wa kutokea, maana nimeona mfumo ukimwingiza mtu, kumrudisha alikotoka, na kumtoa papo hapo.

Na kutoka kwenyewe kukaguliwe. Watu wengi mjini bado hufanya shughuli zao kwenye saiba za Moi Avenue na River Road, kompyuta moja, wateja foleni. Mama akibonyeza "Toka" kwenye tovuti ya SACCO, anaamini ametoka. Kama majadiliano yana kikao chake kando, bado yuko ndani, na anayekaa kitini baada yake anaweza kuandika kwa jina lake. Mifumo iliyomwingiza kwa pamoja imtoe kwa pamoja. Hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya mwisho.