KAT7 si "jeni ya uzee" tu

Mwandishi wa makala ninayoijibu ameiita KAT7 "jeni ya uzee" kwa sababu watafiti wa China waliizima kwenye ini la panya wazee mwaka 2021 na panya wakaishi muda mrefu zaidi. Sawa, lakini kazi ya kila siku ya jeni hii ameiruka.

Jeni hii iko kwenye kromosomu ya 17 na hutengeneza kimeng'enya kiitwacho pia HBO1, kilichoelezwa mwaka 1999 na Masumi Iizuka na Bruce Stillman. Walikikuta kimeshikamana na ORC1, protini inayotambua sehemu ambako DNA huanza kunakiliwa. HBO1 hubandika vikundi vya asetili (alama ndogo za kikemikali) kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imezungushiwa kama uzi kwenye kigurudumu. Histoni H4 ikishapata asetili, kromatini (DNA pamoja na histoni zake) hulegea, na mashine ya MCM ya kufungua nyuzi za DNA hupakiwa kwa urahisi.

Ila hapa ndipo pananoga: panya waliokosa jeni hii kabisa walikufa wakiwa bado viinitete, na utafiti wa 2011 ulionyesha DNA yao iliendelea kunakiliwa kama kawaida! Kilichopungua sana ni asetili kwenye lisini (asidi amino) ya nafasi ya 14 ya histoni H3, na jeni nyingi za ukuaji zikashindwa kuwaka vizuri.

Kwa hiyo, wasomaji wanaouliza kidonge cha kuizima KAT7 kitatoka lini, poleni. Kuizima kwenye ini la panya mzee ni jambo moja, mwili mzima wa mtu ni jingine kabisa.