Seva ya nane

Wasiopenda kuziachia skripti (programu fupi zinazotekeleza amri zenyewe) kazi ya kusimamia seva hawachoki kuitaja Knight Capital, kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa. Tarehe 1 Agosti 2012 mfumo wake ulinunua na kuuza hisa ovyo kwa takriban dakika 45, hasara ikapita dola milioni 460. Ndiyo matokeo ya kuiamini mashine, wanasema.

Mimi kisa hichohicho nakisoma kinyume. Kampuni ilikuwa na seva 8 za kupeleka maagizo ya wateja sokoni, na programu mpya ilipakiwa kwa mkono. Fundi akairuka seva moja. Hakuna mwenzake aliyekagua, wala hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka mtu akague. Seva hiyo ikabaki na msimbo wa zamani ambao kampuni iliacha kuutumia mwaka 2003, na swichi ya kuwasha kazi mpya ikauamsha. Asubuhi ile, kabla soko halijafunguliwa, mfumo ulituma barua pepe 97 zenye kutaja hitilafu. Hakuna aliyeshughulika nazo. Kisha, katika pilikapilika za kurekebisha, mafundi wakaing'oa programu mpya kwenye seva 7 zilizokuwa sawa! Nazo zikarudi kwenye msimbo wa zamani, kosa likaenea zote.

Skripti fupi tu ingezipitia seva zote 8, ikalinganisha matoleo na kugoma kuendelea moja ikiachwa nyuma. Kasi wala si hoja hapa. Skripti haichoki ikifika ya saba, na ikikosea, kosa lake limeandikwa, mwingine anaweza kulisoma. Kazi ya mkono imo kichwani mwa fundi, naye huenda yuko likizo.

Wapinzani wana hoja moja nzito: skripti hufa kimyakimya. Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu mtandaoni, alifuta data kwenye seva siyo (kwa amri ya mkono, lakini). Kutafuta nakala rudufu, kumbe skripti ya kuzichukua ilikuwa ikishindwa kwa sababu ya toleo la PostgreSQL, programu ya hifadhidata, lisilolingana na lile la hifadhidata yao, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zikikataliwa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua mwenyewe takriban saa 6 kabla ya ajali. Hapo mkono ulishinda, sibishi. Ila ulishinda kwa bahati. Nakala rudufu zinahitaji skripti ya pili, ya kuzirejesha kwenye seva ya majaribio mara kwa mara na kumpigia mtu simu zikikataa kufunguka.